VIPORO VYA MICHEZO YA KOMPYUTA: JE, VINA FANI NA MAUDHUI?

1.0 Utangulizi

Muhula uliopita nilipeleka pendekezo la utafiti kwa mwalimu wangu. Nilitaka kuandika juu ya michezo ya zamani ya kompyuta kama matini za kifasihi. Pendekezo lilirudi likiwa na mstari mmoja wa wino mwekundu: "Fasihi ni sanaa itumiayo lugha. Hapa lugha iko wapi?" Sikukasirika. Swali lilikuwa la haki, na ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa napenda tu, na kupenda, kama tulivyofundishwa tangu mwaka wa kwanza, si uhakiki.

Basi likizo ndefu ilipofika niliamua kulitafuta jibu. Nilichukua daftari nikaorodhesha michezo yote ya zamani ambayo kwa miaka kadhaa nilikuwa najiambia "nitaicheza siku moja". Ilifika 41. Mingi si ile inayojulikana na vijana wa mabanda ya gemu, wanaolipia nusu saa wakacheze mpira au mbio za magari. Ni michezo ambayo hata huko ilikotoka wengi wameisahau. Hadi chuo kinafunguliwa nilikuwa nimemaliza 11 na kuiacha njiani 9. Iliyobaki bado inaningoja.

Katika makala haya nitaeleza mambo matatu. Kwanza, kiporo cha mchezo wa kompyuta ni nini na kwa nini kinakuwa kiporo. Pili, namna ya kukila bila kuumwa na tumbo, yaani mbinu za kuisoma michezo hiyo. Tatu, nitahakiki minne kati ya ile niliyoicheza, nione kama wino mwekundu wa mwalimu unaweza kujibiwa.

2.0 Kiporo ni nini?

Kiporo, kila mtu anajua, ni chakula kilicholala. Wali wa jana ukipashwa asubuhi na kunywewa chai, hicho ni kiporo. Watu wa mpira nao wamelichukua neno hilo: timu iliyoahirishiwa mechi husemwa ina viporo. Maana zote mbili zinanifaa hapa, kwa sababu viporo vyangu ni vya aina mbili. Kuna michezo niliyoiahirisha mimi mwenyewe kwa uvivu. Halafu kuna ile iliyoahirishwa na ulimwengu: ilitoka, haikununuliwa, kampuni ikafungwa, mashine ikaacha kutengenezwa, mchezo ukalala.

Aina hii ya pili ndiyo kubwa. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani, ikishirikiana na Software Preservation Network, ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 haikuwa ikiuzwa tena popote kwa njia halali. Hebu fikiria maktaba ambayo katika kila vitabu mia, themanini na saba vimefungiwa kabatini na ufunguo umepotea.

Sisi wa fasihi ya Kiswahili hatuna haki ya kushangaa. Ni nani kati yetu hajasoma riwaya au tamthilia ya kozi kwa fotokopi ya fotokopi, kurasa mbili zikiwa hazionekani, kwa sababu kitabu chenyewe hakipo dukani? Mfano wa karibu zaidi ni tendi zetu za kale. Utendi wa Tambuka una muswada wa mwaka 1728 ulioandikwa kwa hati za Kiarabu. Lugha ni Kiswahili, lakini msomaji wa leo aliyezoea hati za Kilatini akipewa muswada ule hasomi hata neno. Lazima apatikane mtu anayezijua hati zote mbili amsomee.

Katika kompyuta mtu huyo wa kati anaitwa emuleta. Ni programu inayojifanya mashine ya zamani ndani ya mashine mpya, mchezo wa mwaka 1987 ukafunguka ukidhani bado uko nyumbani kwake. DOSBox, iliyotoka mwaka 2002, huigiza kompyuta za enzi za DOS. ScummVM, iliyoanza mwaka 2001, hufanya kazi kwa njia nyingine: inaandika upya ile injini inayoendesha mchezo, ila hadithi, picha na sauti zinabaki zile zile. Wengine walikuwa na busara tangu mwanzo. Kampuni ya Infocom, mwaka 1979, ilibuni mashine ya kufikirika iitwayo Z-machine, na hadithi zake zikaandikwa kwa ajili ya mashine hiyo isiyokuwepo. Kompyuta mpya ikitoka, walihitaji kuandika programu moja tu ya kuisoma Z-machine, na hadithi zote zikafunguka pamoja. Infocom ilinunuliwa na Activision mwaka 1986 na kufungwa mwaka 1989, lakini hadithi zake zinasomeka hadi leo hata kwenye simu ya mkononi. Kampuni imekufa, hati imebaki.

3.0 Namna ya kula kiporo

Mwanzoni nilikosea. Nilianza orodha kutoka juu kwenda chini kama mtu anayelipa madeni, na baada ya wiki moja nilikuwa nimechoka, nacheza ili nipige mstari. Mwenzangu wa chumbani akaniuliza, "Hivi wewe unasoma, unacheza, au unajiadhibu?" Nikajiwekea kanuni tano, nazo nazitoa hapa kwa yeyote anayetaka kujaribu.

Ya kwanza: chagua kwa swali, usichague kwa mfuatano. Swali langu lilikuwa la mwalimu: lugha iko wapi? Hapo orodha ya 41 ikajipanga yenyewe. Mingine ikashuka chini bila mimi kuidharau.

Ya pili: kila mchezo upe saa tatu kabla ya kuuhukumu. Michezo ya zamani haina subira na mgeni. Haikufundishi, inakutupa ndani. Saa ya kwanza utaitukana, ya pili utaizoea, ya tatu ndiyo utaanza kusoma. Tusisahau kwamba wengi wetu tulipokutana na Nagona na Mzingile za Kezilahabi tulitaka kuzifunga ukurasa wa kumi.

Ya tatu: shika kalamu. Mchezo unaohesabiwa kuwa mama wa michezo ya hadithi ni Adventure, ulioandikwa na Will Crowther mwaka 1976 na kupanuliwa na Don Woods mwaka 1977. Crowther alikuwa mpenzi wa kutembea mapangoni, na pango la mchezo linafuata sehemu ya pango halisi la Mammoth Cave huko Kentucky. Ndani yake mna mzingile wa vijia vinavyofanana kabisa. Hutoki humo kwa akili ya kichwani. Njia ni kudondosha kitu kimoja katika kila chumba ili vyumba vitofautiane, halafu uchore ramani. Nilidondosha taa, nikabaki gizani nikafa. Jamani, dondosheni vitu vingine.

Ya nne: mwongozo ni dawa, si chakula. Sote tunamjua mwanafunzi wa sekondari aliyesoma miongozo ya vitabu vyote na hakusoma kitabu hata kimoja. Michezo nayo ina miongozo inayoeleza kila hatua. Mimi niliufungua baada ya kukwama siku mbili kamili, nikasoma mstari mmoja, nikaufunga.

Ya tano: kuacha kunaruhusiwa, ila andika sababu. Ile 9 niliyoiacha ina ukurasa wake daftarini. Mitano niliiacha kwa sababu ni mibovu. Minne niliiacha kwa sababu mimi ndiye sikuiweza. Mhakiki asiyetofautisha mambo hayo mawili atamwonea msanii.

4.0 Uhakiki wa michezo minne

4.1 A Mind Forever Voyaging (1985)

Msanii wa mchezo huu ni Steve Meretzky, na ulitolewa na Infocom niliyoitaja. Ulipozinduliwa ulidai kumbukumbu ya kilobaiti 128, ambayo kompyuta nyingi za majumbani wakati ule hazikuwa nayo, na bila shaka hilo liliupunguzia wasomaji. Hauna picha hata moja. Skrini inakuandikia aya, nawe unaandika unachotaka kufanya: kwenda kaskazini, kufungua mlango, kusoma gazeti. Inakujibu kwa aya nyingine. Kwa hiyo hapa wino mwekundu unajibiwa mara moja. Lugha iko wapi? Hakuna kitu kingine ila lugha.

Mhusika mkuu ni PRISM, kompyuta yenye akili iliyolelewa ikiamini kwamba ni kijana aitwaye Perry Simm. Mwaka ni 2031. Muumba wake, Dakta Perelman, anamfunulia ukweli na kumpa kazi. Seneta Richard Ryder ana mpango wa kuifufua Marekani, na viongozi wanataka kujua utaleta nini. PRISM anaingizwa katika mji wa kuigwa, Rockvil, miaka kumi mbele, akatembee na kurekodi maisha ya kawaida: kula mkahawani, kupanda gari la abiria, kwenda nyumbani kwa mkewe Jill.

Mwaka 2041 mambo si mabaya. Wakubwa wanafurahi. Lakini uwezo wa kuiga unaongezeka na PRISM anaweza kwenda 2051, 2061, 2071, hata 2081. Mji ni ule ule, mitaa ni ile ile, na kila muongo kitu fulani kimeoza. Polisi wanavunja milango ya watu. Dini ya serikali inawashika vijana, na mtoto wa Perry mwenyewe, Mitchell, anageuka kuwa hatari kwa mama aliyemzaa.

Kifani, mbinu kuu ya Meretzky ni takriri. Saa yangu ya pili nilikuwa naulaani mchezo kwa sababu hauna mafumbo ya kufumbua, unatembea tu. Ramani niliyoichora ya mwaka 2041 niliitumia tena kwa 2051, nikafuta jina la duka moja. Nilipofika 2071 karatasi ilikuwa imechakaa kwa ufutio. Hapo ndipo nikaelewa kwamba karatasi ile ndiyo maudhui. Mtambaji wa ngano hurudia wimbo ule ule mara tatu, na mara ya tatu unaliza, ijapokuwa maneno hayajabadilika. Meretzky anaurudia mji.

Jambo la pili ni nafasi ya mchezaji. Huwezi kumwokoa mtu yeyote katika Rockvil, kwa sababu haijatokea bado. Unachoweza ni kurekodi na kurudi na ushahidi, nayo nafasi ya kurekodia ina mpaka, hivyo lazima uchague lipi ni ushahidi na lipi ni huzuni tu. Mimi nilisimama katika chumba cha Perry na Jill nikirekodi mlango unavunjwa, na mkono ulikuwa mzito. Mwandishi wa fasihi ya kijamii, huyu tunayemsifu darasani kwamba "anaakisi jamii", yuko hapo hapo: anaona, hana bunduki, ana kalamu.

Meretzky amesema wazi kwamba alikuwa akijibu siasa za Marekani za enzi ya Rais Reagan, na upungufu wa kazi yake unatokana na hasira hiyo. Ryder ni mhusika bapa; ni mbaya kwa sababu ni mbaya. Mwisho wa hadithi nao ni mtamu kupita kiasi. Lakini mwaka 2031 si mbali tena, na sikumaliza mchezo huu nikiwa nacheka.

4.2 Méwilo (1987) na Freedom (1988)

Hii miwili naihakiki pamoja kwa sababu ina msanii mmoja, Muriel Tramis, mzaliwa wa Martinique, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Ufaransa. Alikuwa mhandisi kabla ya kujiunga na kampuni ya Coktel Vision. Mwaka 2018 Ufaransa ilimtunuku nishani yake ya Légion d'honneur. Kwa mwanafunzi wa fasihi kuna jina jingine la kushtua: mwandishi mwenzake katika michezo hii ni Patrick Chamoiseau, yule aliyeshinda tuzo ya Goncourt mwaka 1992 kwa riwaya ya Texaco. Tunamfundisha Chamoiseau wa vitabu. Huyu wa diski hatumtaji.

Méwilo unatokea Saint-Pierre, mwezi Mei 1902. Mchezaji ni mtaalamu wa mambo ya mizuka aliyeitwa kuchunguza mzuka unaoisumbua familia moja. Anazunguka mjini akizungumza na watu wa tabaka mbalimbali: wazungu wenye mashamba, machotara, weusi wafanyakazi, kila mmoja na namna yake ya kuongea na ya kunyamaza. Kiini cha hadithi ni masimulizi ya kisiwani juu ya mitungi ya dhahabu. Mwenye shamba, akiogopa maasi, alimpeleka mtumwa akachimbe shimo la kufukia dhahabu, kisha akamuua na kumzika hapo hapo ili roho yake ilinde mali. Mzuka anaohofiwa kumbe ndiye aliyedhulumiwa.

Kisha kuna mlima. Tarehe 8 Mei 1902 Mlima Pelée ulilipuka na kuiteketeza Saint-Pierre pamoja na karibu watu 30,000. Msomaji anajua; wahusika hawajui. Kila unayezungumza naye juu ya mirathi, rangi na ubwana amebakiza saa chache. Hiki ni kinaya cha hali ya juu, na hakikuhitaji hata mstari mmoja wa kukieleza.

Freedom ni mkali zaidi. Ni usiku mmoja katika shamba la miwa, zama za utumwa. Unachagua mmoja kati ya watumwa wanne, kila mmoja na uwezo wake, na kazi yako ni kuongoza maasi: kuwakwepa au kupigana na wanyapara na mbwa, kuchoma majengo, na kuwashawishi wenzako wajiunge. Kushawishi ndiko kugumu. Mara yangu ya kwanza nilikimbilia moto. Nilidhani nikiwasha, watu watatoka. Hawakutoka. Nilikuwa peke yangu uwanjani na moto wangu, na usiku uliishia hapo.

Nilikumbuka mambo mawili ya kwetu. La kwanza ni Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, iliyotoka mwaka 1934, ambayo wahakiki wameilaumu kwa kumfanya Mwingereza kuwa ndiye mleta uhuru na mtumwa kuwa mpokeaji. Tramis na Chamoiseau wanakataa hilo kwa fani yenyewe: mchezo hauna kitufe cha kungojea mkombozi. La pili ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969). Pale nako tatizo la kwanza si bunduki za Wajerumani, ni kuwafanya watu waliogawanyika waamini jambo moja, na gharama ya kuwaaminisha. Kinjeketile anaieleza gharama hiyo jukwaani. Freedom unaiweka mikononi mwako, halafu unakuacha ushindwe.

Upungufu upo. Mapigano ya Freedom ni mazito kama kusukuma mkokoteni matopeni, na Méwilo niliucheza kwa Kifaransa nikiwa na kamusi magotini, hivyo utani mwingi najua ulinipita. Hayo ya pili ni kosa langu, si la msanii.

4.3 The Last Express (1997)

Mchezo huu uliongozwa na Jordan Mechner, aliyekwisha kupata sifa kwa Prince of Persia (1989). Wahusika ni waigizaji halisi waliopigwa filamu kisha picha zao zikachorwa upya kwa mtindo wa mabango ya Ulaya ya mwanzo wa karne ya 20. Ulichukua miaka mingi na fedha nyingi kuutengeneza, na sokoni ukaanguka. Ni kiporo cha mchele mzuri.

Tarehe ni 24 Julai 1914. Treni ya Orient Express inatoka Paris kwenda Constantinople. Daktari wa Kimarekani, Robert Cath, anapanda akimfuata rafiki yake, anamkuta amekufa chumbani. Ndani ya mabehewa wamo Waserbia wenye siri, mfanyabiashara wa silaha wa Kijerumani, mwanamuziki wa Kiaustria, mtemi wa Kirusi na mjukuu wake, na kijana mwanamapinduzi anayempenda mjukuu huyo. Ni Ulaya nzima imefungiwa katika korido moja. Siku nne baadaye Austria itatangaza vita dhidi ya Serbia.

Ufundi wa Mechner uko katika muda. Saa ya treni inakwenda mara sita ya saa yetu, kwa hiyo dakika kumi zangu ni saa nzima ya Cath, na haisimami kumngoja mchezaji. Kila mhusika ana ratiba yake. Ukikaa mkahawani kusikiliza wawili wanaogombana, kuna mazungumzo mengine chumba cha pili umeyakosa. Unaweza kuirudisha saa nyuma, lakini hata ukirudi huwezi kuwa mahali pawili. Kuna onyesho la muziki katika behewa la tajiri mmoja ambapo violini na piano vinapigwa vizuri hasa, nawe wakati huo huo unapaswa kunyanyuka kimyakimya ukafanye kazi yako. Mara ya kwanza nilikaa nikasikiliza hadi mwisho. Niliadhibiwa, na sijutii.

Hata lugha imetumiwa kwa namna nisiyoiona katika filamu nyingi. Watu wanaongea Kifaransa, Kijerumani, Kirusi, Kiserbia, na tafsiri inatokea kwa lugha anazozielewa Cath tu. Nyingine zinapita masikioni kama sauti tupu. Kutoelewa kumekuwa sehemu ya usimulizi.

Huenda mtu akauliza, treni ya Wazungu inatuhusu nini? Inatuhusu. Silaha zinazopiganiwa humo zilifika kwetu kabla ya mwaka kuisha: Novemba 1914 Tanga ilikuwa uwanja wa vita. Maelfu ya babu zetu walibebeshwa mizigo ya jeshi, wengi hawakurudi, na jina la kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, tunalitamka kila tunapokwenda sokoni Kariakoo. Nilipomwona mfanyabiashara yule wa silaha akikata nyama yake taratibu mezani, niliwaza mizigo hiyo.

5.0 Kinachoiunganisha

Nilipoweka daftari mezani niliona jambo ambalo sikulipanga. Michezo yote minne inamweka mchezaji katika usiku wa kuamkia. Usiku wa kuamkia mlipuko, wa kuamkia maasi, siku za kuelekea vita, miaka ya kuelekea mpango mbovu. Katika gemu za mabandani shujaa ana muda wote na nguvu zote. Akifa anafufuka, dunia inamsubiri. Hapa mgogoro mkuu ni kati ya mtu na saa. Dhamira ni moja: ukijua kinachokuja na huna uwezo wa kukizuia, uwajibikaji wako ni upi? PRISM anashuhudia. Mtumwa wa Freedom anawashawishi wenzake. Mchunguzi wa Saint-Pierre anamrudishia marehemu hadithi yake. Cath anasikiliza mlangoni.

Sasa nirudi kwa mwalimu wangu. Fasihi ni sanaa itumiayo lugha, sipingi. Lakini hata fasihi simulizi tunayoifundisha haikai katika maneno peke yake. Mtambaji anaposema "Paukwa" na hadhira isijibu "Pakawa", ngano haianzi. Sauti, ngoma, ishara, uso wa bibi kwenye mwanga wa moto, vyote tunavihesabu ndani ya utendaji, na tunawalaumu wanaoandika maneno matupu vitabuni na kudhani wameihifadhi ngano. Mchezo wa hadithi uko vivyo hivyo. Maneno yapo, ila unakuwepo pale tu mtu anapojibu. Usipojibu kuna skrini inayopepesa na hakuna hadithi.

Je, kila mchezo wa kompyuta ni fasihi? Hapana bwana. Mbio za magari ni mbio za magari. Kutokana na viporo vyangu napendekeza vigezo vitatu: kuwe na usimulizi, lugha iwe inabeba maana na si maelekezo tu, na uamuzi wa mchezaji uibadili maana ya kinachosimuliwa. Kwa vigezo hivyo Meretzky anapita bila shida. Tramis na Chamoiseau wanapita Méwilo wote na nusu ya Freedom. Mechner anapita, lakini nakiri kwamba kilichonigusa zaidi katika treni yake kilikuwa violini, na violini si lugha. Labda kazi yake ni ya wenzetu wa sanaa za maonyesho. Sitawanyang'anya.

6.0 Hitimisho

Kula kiporo si kupenda zamani. Chakula kilicholala kinaonjwa kwanza. Kilichochacha kinamwagwa, na nimemwaga. Lakini maharage ya jana mara nyingine hushinda ya leo, kwa sababu yamepata muda wa kukolea. Michezo hii iliposhindwa sokoni ilihukumiwa na wauzaji. Bado haijahukumiwa na wahakiki, na ikikaa bila kufunguliwa haitahukumiwa kamwe. Kazi ya mhakiki, kabla ya kusifu au kulaumu, ni kumwambia msomaji kwamba kazi fulani ipo na inafunguliwa hivi.

Pendekezo langu nimeliandika upya. Safari hii halina michezo 41. Lina miwili, wa Meretzky na Méwilo. Ule mstari wa wino mwekundu sikuufuta. Nimeuhamisha juu kabisa, mahali pa swali la utafiti. Mwalimu ameuona, akacheka kidogo, akasema nirudi Jumatatu. Wakati nangoja, daftari lina viporo 21. Mwenzangu mwenye kamusi nzuri ya Kifaransa anaweza kunitafuta.